Ile imbwa ni ya nani?

Kila mwaka, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, picha zile zinarudia kwenye simu zetu. Mbwa amevalishwa shada la maua ya rangi ya chungwa, amepakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso, mbele yake kuna sahani ya nyama na mayai, na mama mmoja amechuchumaa kwa heshima kama vile anapokea mgeni wa serikali. Chini ya picha maandishi ni yale yale: huko Nepal wana sikukuu ya siku tano ya kushukuru mbwa. Na chini ya maandishi, njo sisi. Mwaka jana katika kikundi cha promosheni yetu mmoja aliandika: "Mimi nikizaliwa tena, niwe imbwa ya Nepal." Mwingine: "Watu wanaabudu imbwa, mwisho wa dunia umefika." Wa tatu, aliyesoma sheria miaka mitano na sasa anauza vocha za simu, aliuliza kama ile sahani ya nyama inaweza kutumwa mpaka Katuba.

Nilicheka na mimi. Lakini baada ya kucheka niliangalia zile video tena, moja, mbili, kumi, na nikaona tunaziangalia vibaya. Tunaziangalia kama maajabu ya watu wa mbali. Leo nataka tuichukue ile sikukuu kwa uzito, kama tunavyochukua filamu ao kitabu: inasema nini, inafanya nini, inaficha nini. Na tuiweke pembeni ya sikukuu nyingine kubwa ya mbwa, ile ya Waingereza, kisha turudi hapa nyumbani, Lubumbashi, ambapo tunafikiri hatuna kitu cha namna hiyo. Tunacho. Kibaya, lakini tunacho.

Bon, tuanze na kosa la maandishi. Sikukuu ya siku tano ni kweli, inaitwa Tihar, lakini mbwa anapewa siku moja tu, siku ya pili, Kukur Tihar. Siku ya kwanza ni ya kunguru. Siku ya tatu ni ya ng'ombe, na jioni watu wanawasha taa kwa ajili ya Laxmi, mungu wa kike wa mali na baraka. Siku ya nne kila jamii ina mambo yake, wengine wanamheshimu ng'ombe dume anayelima. Siku ya tano dada wanawapaka kaka zao rangi kwenye paji la uso na kuwaombea maisha marefu. Mtu atasema: tofauti ni gani, siku moja ao tano? Tofauti ni kubwa. Ukimtoa mbwa kwenye ule mstari, anabaki kama nyota wa mtandao, kitu cha kuchekesha. Ukimrudisha, unaona sikukuu nzima ni namna ya kuhesabu wote wanaoishi kuzunguka nyumba: anayelia juu ya paa, anayelala mlangoni, anayetoa maziwa, anayelima, na mwisho wale waliozaliwa tumbo moja na wewe. Mbwa yuko kwenye hesabu. Hakuna anayesema yuko juu ya kaka.

Na yule anayesema "wanaabudu" naye angoje kidogo. Kwa Wahindu, mbwa ni mtu wa mlangoni wa Yama, yule anayehukumu wafu. Halafu kuna kisa kimoja katika Mahabharata, kitabu chao kikubwa cha zamani: mfalme Yudhishthira, mwisho wa safari yake, anafika kwenye mlango wa mbinguni akiwa na mbwa aliyemfuata njia yote. Anaambiwa aingie yeye, mbwa abaki. Anakataa. Hawezi kumwacha aliyemfuata mpaka pale. Kumbe mbwa alikuwa ni mungu aliyejificha akimpima. Sisi tuliokua na Biblia ya Kikatoliki tunamkumbuka mbwa wa Tobia, aliyetembea na kijana safari nzima bila mtu kueleza alitoka wapi. Mimi sisemi visa hivi viwili ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba kumheshimu aliyekufuata njia yote si jambo ambalo mtu wa hapa hawezi kulielewa.

Sasa, kama mhakiki, nguvu ya Kukur Tihar iko wapi? Kwangu haiko kwenye maua. Iko kwenye kitu ambacho kamera inapita haraka: mbwa wengi wanaovalishwa shada hawana mwenye. Ni mbwa wa barabara. Mtu wa Kathmandu anatoka nyumbani na sahani, anampaka mbwa wake rangi, kisha anashuka mpaka kwenye kona kumtafuta yule wa kahawia anayelala mbele ya duka, naye anampaka. Polisi nao wanawatoa mbwa wao wa kazi, wanawavalisha maua mbele ya watu. Donc kwa siku moja ukipita mjini, mbwa yeyote mwenye alama nyekundu ni mbwa ambaye mtu fulani amemgusa asubuhi ile. Mtu amekaribia meno yake. Mtu amemwambia jirani bila kusema neno: huyu tunamjua.

Ile alama ni kama saini. Wacha nirudie, kwa sababu njo kiini cha andiko hili. Sikukuu ya mbwa haipimwi kwa uzuri wa mbwa wala kwa wingi wa nyama. Inapimwa kwa swali moja: kesho yake, ukimwuliza mtu "ile imbwa ni ya nani?", kuna atakayejibu?

Na hapa Kukur Tihar yenyewe haipati alama zote. Kesho yake ua linanyauka. Yule wa kahawia wa mbele ya duka anarudi kwenye maisha yake: magari, mawe, njaa, vidonda vya ngozi. Mji ule ule wenye sikukuu nzuri hivi uliwahi kuwa na desturi ya kuua mbwa wa barabara kwa sumu, na mpaka mwaka 2004 palipoanzishwa kituo cha kutibu wanyama Kathmandu, na msanii mmoja mwanamke wa Uingereza, Jan Salter, kazi ya kuwafunga uzazi na kuwachanja haikuwa na watu wengi wa kuifanya. Hapo kuna kitu kinauma. Heshima ya siku moja inaweza kuwa njia ya kulipa deni kidogo kidogo bila kulimaliza. Sisi tunaijua hiyo dawa: tarehe 8 mwezi wa tatu mama anapewa kitambaa na hotuba, tarehe 9 anarudia kubeba bidoni ya maji peke yake. Simtukani Mnepali. Ninamtambua.

Lakini angalau ile sikukuu inawafundisha watoto kumkaribia mbwa kwa mkono wazi. Watu wanaofanya kazi ya chanjo wanajua hiyo ni nusu ya kazi.

Twende Uingereza. Crufts ilianza mwaka 1891, London, na jina lake ni la mtu, Charles Cruft. Huyu bwana hakuwa mganga wa wanyama wala mwindaji. Alikuwa mfanyabiashara, alitokea kwenye kampuni ya James Spratt iliyouza biskuti za mbwa. Sikukuu kubwa kuliko zote za mbwa duniani ilizaliwa na mtu wa biskuti, na ukikumbuka hiyo, mambo mengi yanaeleweka. Leo inafanyika Birmingham, mwezi wa tatu, siku nne. Mbwa wanatembezwa kwenye zulia la kijani, mwamuzi anawapapasa mgongo, anaangalia meno, anarudi nyuma anaangalia mwendo. Kuna karatasi kwa kila aina ya mbwa inayosema masikio yawe vipi, mkia ujikunje vipi. Anayekaribia karatasi zaidi ya wengine anashinda.

Hapa swali letu linapata jibu haraka sana. Ile mbwa ni ya nani? Ya bibi huyu mwenye koti na namba kwenye mkono, jina lake limeandikwa, jina la baba ya mbwa limeandikwa, la babu, la nyanya, vizazi na vizazi. Kule hakuna mbwa bila mwenye. Kwa kipimo changu Crufts ingepata alama zote. Mbona inanishinda kuipenda?

Kwa sababu pale mwenye amekula mbwa. Mwaka 2008 BBC ilitoa filamu moja ya uchunguzi, Pedigree Dogs Exposed, na ninawaomba muitafute, ni ngumu kuiangalia. Inaonyesha karatasi ile ya uzuri imewafanya nini mbwa wenyewe: wenye pua iliyobanwa mpaka hawapumui vizuri, wenye fuvu dogo kuliko ubongo, wenye mgongo uliopinda. Mshindi wa mwaka 2003, mbwa mdogo wa aina ya Pekingese, alipigwa picha za ushindi akiwa amelazwa juu ya barafu ili asizidiwe na joto. Fikiria hiyo picha: kombe, maua, na barafu chini ya tumbo. Baada ya filamu hiyo BBC, iliyokuwa imeonyesha Crufts kwa miaka mingi, iliacha kuitangaza. Mwaka 2012 waandaaji wakaweka waganga wa kuwapima washindi wa aina zile zenye matatizo, na siku ile ile bulldog na Pekingese walioshinda wakanyimwa kuendelea. Kelele zilipigwa. Wenye mbwa walilia kwamba wamedhalilishwa. Hawakusema mbwa wamedhalilishwa.

Niwe wa haki. Crufts pia ina mashindano ya mbwa wa kuruka vizuizi, mbwa wa utii, hata mashindano ya mbwa wa mchanganyiko wasio na ukoo. Humo unaona mtu na mbwa wakifanya kazi pamoja, wakikosea pamoja, na mimi ningelipa tikiti kuangalia. Lakini taji la mwisho halitoki humo. Linatoka kwenye zulia la kijani.

Na sisi Wakongomani tuko ndani ya hadithi hiyo, wengi hawajui. Mwaka 1937 pale Crufts walionyeshwa mbwa wadogo wa rangi nyekundu na nyeupe, masikio yamesimama, mkia umejikunja kama konokono, ambao hawabweki kama wengine bali wanatoa sauti kama ya kuimba. Walitoka kwetu, kutoka Kongo, waliletwa Uingereza na mwanamke mmoja aliyeitwa Olivia Burn. Aina hiyo ikaandikwa duniani kwa jina la Basenji. Sisi hatuhitaji kamusi. Basenji: washenzi, watu wa porini. Tusi ambalo mkoloni alikuwa akilitumia kwa babu zetu liliwekwa kwa mbwa wao, na leo mtu wa Texas analitamka kwa upendo, "my Basenji", bila kujua anasema nini.

Wale mbwa huku kwetu walikuwa na kazi. Katika uwindaji wa nyavu msituni walivaa kengele ya mti shingoni, kwa sababu mbwa asiyebweka ni lazima asikike kwa njia nyingine, na mwindaji alimfuata kwa sikio. Ile kengele ilikuwa ni makubaliano: wewe unanusa, mimi nasikia, nyama tunagawana. Kwenye zulia la kijani kengele haipo. Wanaangalia mkunjo wa mkia. Halafu jambo ambalo linanifurahisha kidogo, ninakiri: baada ya miaka hamsini ya kuzalisha ukoo mdogo wa mbwa wale wale, magonjwa ya kurithi yalizidi, hasa moja la figo. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walipanda ndege wakarudi hapa, Zaire wakati ule, wakatembea vijiji kwa vijiji kutafuta mbwa ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaandikia karatasi, na mwaka 1990 kitabu chao cha ukoo kikafunguliwa kuwapokea. Damu ya kuponya ilikuwa kwa mbwa wa wale walioitwa washenzi. Hao hawakuwa wamechaguliwa kwa mkia. Walikuwa wamechaguliwa na msitu.

Sasa turudi nyumbani, na hapa sicheki tena.

Kwetu Lubumbashi neno lenyewe imbwa ni tusi. Ukitaka kuanzisha vita katika taksi, liseme. Kwenye mageti ya wenye pesa kuna kibao "chien méchant", hata pale ambapo mbwa mwenyewe ni mzee asiye na meno. Kwenye mitaa yetu mbwa anaishi kwa bukari iliyobaki na vichwa vya samaki, anaitwa Rambo ao Bobi, ao anapewa jina la kuwapiga majirani vijembe, Watasema, Wivu. Mchana amefungwa, usiku anafunguliwa, na ukikutana naye saa nne ya usiku unajua maana ya sala. Sisemi hatupendi mbwa. Walinzi wa Virunga wana mbwa wa kunusa wanaofuata nyayo za majangili, na wanaowaongoza wanawajua mbwa wao kama watoto. Nasema katika lupango ya kawaida, mbwa ni wa watu wote mpaka siku ambapo anauma. Siku hiyo hana mtu.

Niliiona kwa macho yangu. Miaka minne iliyopita, mtoto wa jirani, wa miaka saba, aliumwa kwenye mguu akitoka kununua mafuta ya kupikia. Mbwa tulimjua wote. Alikuwa analala kwenye lupango ya papa mmoja, mtu wa heshima, tena mtu mwema. Tulipoenda na mama wa mtoto kumwuliza kama mbwa amechanjwa, alituangalia akasema: "Ile imbwa haiko yangu. Ilikuyaka tu yenyewe." Miaka mitatu ilikuwa inakula kwake! Lakini namwelewa sasa. Kusema "ni yangu" kulikuwa na maana ya kulipa sindano zote, na pengine polisi juu. Jioni ile ile vijana walimuua mbwa kwa mawe. Walifikiri wanatusaidia.

Muganga wa wanyama niliyeongea naye baadaye alishika kichwa. Mbwa aliyeuma, kama yuko mzima, anafungwa na kuangaliwa siku kumi. Akibaki mzima siku zile kumi, maana yake siku alipouma hakuwa na raje kwenye mate. Sisi tuliua shahidi. Ikabidi mtoto apewe matibabu yote kana kwamba mbwa alikuwa mgonjwa. Kituo cha afya cha kwanza hakikuwa na chanjo, kilitutuma pengine, pengine walitaja bei, na lupango nzima ikachanga. Mtoto yupo, anasoma, mwaka huu anamaliza shule ya msingi. Lakini tulitumia siku mbili kutafuta pesa, na siku mbili katika ugonjwa huu si kitu cha kucheza nacho.

Wacha niseme ugonjwa wenyewe waziwazi, maana katika maoni nitaulizwa. Kichaa cha mbwa, raje tunavyosema, kinapita kwa mate, kinaingia kwenye neva, kinapanda polepole mpaka kwenye ubongo. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, karibu kila mtu anaweza kuokolewa: osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, mara moja, kisha kimbia kwenye chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, na kati ya watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Karibu vyote vinatoka kwa mbwa. Na ukichanja mbwa 70 kati ya 100 katika sehemu moja, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Lengo la dunia ni kumaliza vifo vya watu kutokana na raje ya mbwa mpaka mwaka 2030. Hesabu mwenyewe miaka iliyobaki.

Donc yule atakayeandika chini hapa "watu wanakufa na vita, wewe unatuletea imbwa", ninamjibu mapema: siongei juu ya imbwa. Naongea juu ya mtoto aliyetumwa mafuta ya kupikia.

Sasa ile sikukuu niliyosema tunayo. Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya dunia ya kupambana na raje, ilianza mwaka 2007, na tarehe ni ile aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule aliyetengeneza chanjo ya kwanza. Karibu na siku hiyo, miaka ambayo chanjo inapatikana, waganga wanaweka meza kwenye kartie na kuita watu walete mbwa. Fikiria hiyo kitu. Watu na mbwa wao, sehemu moja, asubuhi moja, wa mitaa yote. Kama hiyo si sikukuu ya mbwa na wenye mbwa, sikukuu ni nini?

Nilienda kuangalia, kama mhakiki anavyoenda kuangalia tamthilia. Na kama tamthilia ilikuwa mbaya. Meza moja, kiti kimoja, jua kali, kibanio cha barafu kwa ajili ya chupa za chanjo. Tangazo lilipita usiku wa kuamkia siku ile, kwa Kifaransa, likisema "operesheni". Katika nchi hii neno operesheni likitamkwa, mtu mwenye akili anafunga mlango. Wakubwa waliokuja walitoa hotuba ndefu kisha wakaondoka kabla ya mbwa wa kwanza kuchomwa. Hakuna ngoma, hakuna chai, hakuna aliyewaambia watoto namna ya kumshika mbwa. Walioleta mbwa walikuwa karibu wote watoto, wanavuta kamba, wanavuta waya, mmoja anavuta mkanda wa suruali, na mbwa ambao hawajawahi kufungwa kamba wanapigana njiani. Wakubwa wa nyumba waliona haya. Mwanaume mwenye tai atembee barabarani na imbwa? Watasema! Na niliona nyuso za wale wawili wa kuchanja. Wamechoka, wana alama za meno kwenye mikono, na walifanya kazi mpaka saa tisa bila kula. Lawama yangu haiendi kwao.

Lawama yangu ni kwamba walioandaa walifikiri chanjo ni dawa tu. Wanepali wangewaambia hapana: kwanza unamfanya mtu asione haya kusimama pembeni ya mbwa wake, mbele za watu, kwa mchana. Yule papa wa heshima aliyetukana ukweli kwenye geti lake hakukosa pesa tu. Hakuwahi hata siku moja kusimama mahali ambapo kusema "hii imbwa ni yangu" kungemletea sifa. Angekuwa amepita pale miezi miwili mbele, katikati ya ngoma, na mbwa wake amefungwa kitambaa chekundu shingoni cha kuonyesha amechanjwa, angekuwa na kitu cha kutuonyesha sisi na mama wa mtoto, na pengine angekitoa kwa fahari. Kitambaa, si maua. Maua yananyauka, na kitambaa kwenye soko la Kenya hakina bei.

Wala sitaki zulia la kijani. Mtu asije akaanzisha hapa mashindano ya mbwa mrembo na wafadhili wa bia. Tunajijua, katika miaka miwili kutakuwa na zawadi ya pikipiki, na mbwa wa barabara atafukuzwa kwa fimbo ili asiharibu picha. Kama ni lazima kuwe na kombe, lipewe kartie iliyoleta mbwa wengi. Sisi tulio na diploma na muda mwingi kuliko kazi, tunaweza kuandika tangazo kwa Kiswahili wiki mbili mbele, kupita kwenye shule, kupita kwa mama wa soko, kutafuta wapiga ngoma, kushika kamba. Kazi ya sindano iachwe kwa wenye kazi yao.

Kuna kitu kimoja cha siku ile bado kinanirudia. Mtoto wa miaka nane hivi alifika na mbwa mweupe mwenye madoa, amemfunga kwa waya wa umeme uliotolewa kwenye redio ya zamani. Mbwa alichanjwa bila shida, hata hakulia. Aliyekuwa anaandika kadi alimwuliza mtoto:

"Jina ya imbwa?"

"Subira."

"Mwenye imbwa ni nani?"

Mtoto aligeuka nyuma kama vile anatafuta mtu. Hakukuwa na mtu.

"Ni ya sisi wote ku lupango."

Yule mwandishi aliangalia kadi. Mstari ulikuwa mmoja, mfupi, wa jina la mtu mmoja. Alifikiri, akakuna kichwa kwa kalamu, kisha akauliza namba ya lupango na jina la avenue, akaandika hivyo.